Kinachotupwa Kwanza

...na bado hajajibu, sekunde ya sita hii, ya saba, nahesabu kwa sababu kuhesabu ndiko kunakonilisha, nimemuuliza, "Baba, nije nikae nawe majira haya ya baridi?" na uso wake umeganda kwenye skrini, jicho moja limefumba nusu kama mtu aliyekatizwa katikati ya chafya, nyuma yake kabati la jikoni lenye vikombe vya Mama, na mimi badala ya kumtazama yeye natazama mistari, maana siku hizi siwezi kumpigia baba yangu bila kufungua lile dirisha dogo la pembeni, mstari wa bluu unaonyesha pakiti zetu, vipande vya sauti na picha, zinachelewa kiasi gani njiani, wa kijani unaonyesha tunatuma nyingi kiasi gani, na chini kabisa vijimstari viwili vya sauti, changu na chake, vinavyoruka mtu akisema, na sasa hivi wa bluu umepanda na wa kijani umeshuka, sawasawa kama nilivyoifundisha programu hii ya simu mimi mwenyewe, njia ikisongamana rudi nyuma, usibishane, pisha, na kijimstari chake kimelala, kwa hiyo hajasema neno, sekunde ya tisa, Jumapili tatu mfululizo nimemuuliza swali hilihili na Jumapili tatu nimejibiwa na kimya, na kila mara nimesema, "Haya, Baba, naelewa," nikakata, na leo ni Jumatatu, nauliza mara ya nne, mara ya mwisho, kwa sababu mezani mbele yangu kuna karatasi ya uhamisho wa kikazi kwenda Gothenburg, kusini, miaka mitatu, safari ya siku nzima na usiku kwa treni kutoka hapa Luleå na zaidi ya hapo kutoka kwa Baba, na Krister wa ofisini anaitaka kabla kahawa ya saa tatu na nusu haijaisha, na mimi, mwoga niliyekubuhu, nimejiambia kwamba Baba akinyamaza na leo nitasaini, ili baadaye isemekane ni yeye aliyeamua.

"Ylva," anaita Krister kutoka chumba cha kahawa, ukuta wa ofisi hii ni mwembamba kama ahadi za bosi wetu, "andazi lako la mdalasini linanitazama kwa huzuni, nilihurumie?" na mimi nafunika kipaza sauti kwa kiganja, "Liache hapohapo," "Na karatasi?" "Dakika tano," "Dakika tano za watu wa kaskazini au za watu?" na Revathi, mhandisi mpya aliyetua wiki iliyopita kutoka Chennai, anacheka kwa adabu ya mgeni, na mimi naondoa kiganja na kumrudia Baba, ambaye hajasogea, hawezi kusogea, picha ndiyo tunayoitoa mhanga kwanza, huko kwa Baba mnara wa simu ni mmoja tu kwa bonde zima, siku za kawaida unawatosha wazee thelathini na kasisi, lakini leo ndiyo siku ya kwanza ya msako wa kulungu wakubwa, kila mwenye bunduki yuko msituni, na siku hizi mbwa anafungwa kamera shingoni na mwindaji anakaa juu ya kisiki chake anamfuata kwenye simu, mbwa kumi na mmoja, simu arobaini, zote zinanyonya mnara mmoja, na imekuwa hivyo tangu mwishoni mwa Agosti walipoanza kuwazoeza mbwa kila Jumapili, kila Jumapili yangu. Na Baba, aliyeongoza msako huo miaka thelathini na moja, aliyekuwa anaamua nani akae kisiki kipi na nani asiruhusiwe kabisa kushika bunduki karibu na watu, Baba sasa yuko jikoni na nyonga yake mpya.

"...kaniambia nichunge redio," sauti yake inafika, imechelewa, imekatwa kichwa. "Nani kakwambia, Baba?" "Hilding. Nichunge redio. Mimi." Kisha basi, na hiyo kwa Baba ni hotuba, na ningeweza kusema pole, ningeweza kusema Hilding aliyeshika nafasi yako ni mpumbavu, anayejua kuongoza msako ni wewe, lakini nasema, "Redio nayo inahitaji mtu," kama mwalimu wa chekechea, na wa bluu unapanda tena, na sikumjibu swali lake wala hakunijibu langu... hapana, mimi ndiye niliyeuliza, yeye ndiye hajajibu, akili yangu inaruka pakiti. Anajua nimeuliza. Amesikia, sauti yangu inamfikia, naona risiti zake zinarudi moja moja, kila pakiti iliyofika kule inanitumia salamu kwamba imefika, hilo ndilo jambo zuri katika kazi hii, unajua kama umefika, angalau kwa mashine unajua. Amesikia akaenda kwenye habari ya redio. Binadamu asiyekutaka ndivyo anavyofanya, hakufukuzi, anakuhadithia Hilding.

Kuna namna mbili za kupita kwenye njia nyembamba, hivi ndivyo ninavyowaeleza wageni kama Revathi siku ya kwanza, namna ya kwanza ni ya mlafi, anatuma, anaongeza, anaongeza, hadi zinamwagika njiani, ndipo anapunguza kidogo kisha anaanza upya, na hizo kamera za mbwa zimetengenezwa hivyo, na namna ya pili ni yetu, ya mstaarabu, inasikiliza, pakiti ikichelewa hata chini ya kufumba na kufumbua inajua foleni imeanza mahali, inapunguza kabla haijamkera mtu, kwa sababu mazungumzo hayasubiri, filamu inaweza kujazwa kwenye ndoo kwanza ukaja kuinywa baadaye lakini neno la mtu lililochelewa sekunde mbili si neno tena, ni kuingilia. Tulipigiwa makofi kwa hilo. Lakini kuna jambo tuliliandika kwa herufi ndogo ukurasa wa mwisho, kwamba mpole akiwekwa njia moja na mlafi, mpole anapisha, mlafi anakaa alipopisha, mpole anaona foleni ingali pale, anapisha tena, hadi anabaki na kauzi ka kupitishia pumzi, mwenda pole hajikwai, wanasema, sawa, lakini hata kufika hafiki kama njia imejaa wenye mbio, na nilipoandika herufi zile ndogo sikufikiri naandika wasifu wangu. Mattias, niliyeishi naye, alipoanza kuchelewa kurudi nyumbani nilipunguza maswali, akachelewa zaidi, nikapunguza tena, hadi siku moja nikawa simuulizi chochote na yeye akawa harudi, na hakuna sahani iliyovunjika, majirani walidhani amesafiri. Na Baba, baada ya mazishi ya Mama nilimpigia kila siku, akawa anajibu nusunusu, nikasema nisimchoshe, nikapiga siku moja nikaacha moja, akanyamaza zaidi, nikahamia Jumapili tu, na tangu Jumapili hadi Jumapili hakuna anayeniita kwa jina isipokuwa Krister akidai karatasi, narudi kwenye nyumba yenye kikombe kimoja nje ya kabati, nasimama dirishani nikila viazi nikiwa nimesimama, upweke wenyewe ndio huo, hauna fumbo, ni viazi na kusimama.

Ng'ambo ya ukuta Krister ameanza hadithi yake, najua ni ipi kwa jinsi anavyokokota kiti, "...kwa hiyo siku yangu ya kwanza huku, nimetoka Malmö kule kusini, nimevaa viatu vya kiangazi, naingia dukani..." na mimi namtazama Baba aliyeganda na kumkumbuka Mama, sikutaka kumkumbuka Mama, ilikuwa Aprili, muuguzi alikuwa amemshikia kishikwambi karibu na mto, mtandao wa wageni wa hospitali ulikuwa umejaa, watu wote wanatazama mpira wakisubiri zamu zao za kuingia, wa bluu juu, wa kijani chini, mimi nilikuwa hapahapa, kwenye kiti hiki, toleo letu jipya lilikuwa linatoka wiki ile na nilijiambia nitapanda treni Ijumaa, na nikasema, "Mama, unanisikia?" kimya, nikasema, "Mama, unajua nakuja Ijumaa?" kimya, kijimstari kimelala kama sasa, na nikamwambia muuguzi, "Amelala, msimwamshe," nikakata, kwa upole, nikampisha, na akafariki siku iliyofuata kabla ya chakula cha mchana, Jumatano. Na kwenye kahawa ya mazishi, ukumbi wa kanisa, Baba anakata ile keki ya mkate yenye uduvi, vipande vyake vinene kama matofali, hakuinua macho, akasema, "Alikujibu. Wewe ukakata." Tu. Miezi mitano nimekuwa na hasira naye kwa maneno hayo, nimeyabeba hadi bafuni, maana nilikuwa pale, niliangalia mistari, hakuna kilichopita, kwa nini mzee amwongopee mwanawe siku ya mazishi, na kama si uongo wa kunipoza bali wa kunichoma, basi labda ndiyo sababu hataki nije. Mantiki nzuri. Nimefikia mahali pa kusaini. Kalamu iko wapi, hii hapa.

"...nikamuuliza yule dada wa kaunta, mna mkate? Akanitazama, kimya. Nikauliza tena, mna mkate wa ngano? Kimya, ila anavuta hewa, hivi, shup, mabega juu, nikasema masikini ana pumu, nikaenda kumtafutia maji," na Revathi sasa anacheka kwelikweli, "na alikuwa anasema nini?" "Ndiyo! Alikuwa anasema ndiyo! Huku juu hawaisemi, wanaivuta, mtu akikupenda huku utadhani anazama," na wote wanakufa kwa kicheko, hadithi hii imenipita masikioni miaka sita, ina uzee wa zulia la pale, na ni kweli, ndivyo tulivyo, si kusonya, kusonya ni dharau, sisi tunabana midomo na kuvuta hewa mara moja kama anayeonja supu ya moto na jibu limekwisha, ile ndiyo ya kutoka nje, yenye herufi, tunawawekea kasisi na watu wa kodi. Nasikia Krister anafuta machozi, "lakini si utani wote, juzi nimepokea malalamiko manane, wanasema simu yenu inakatika sauti mwenzangu akitaka kujibu, na unajua yote manane yametoka wapi? Huku. Malmö hakuna hata moja. Nikasema hawa hata kulalamika wanalalamikia kimya," na mimi nafungua kifuniko cha kalamu, kwa sababu sekunde zimeshakuwa nyingi mno na mtu mzima lazima ajue ukimya ukishakuwa jibu.

"Umekula?" anauliza Baba. Hivyo tu, ghafla, katikati ya redio na Hilding, ndivyo alivyokuwa akiuliza Mama kila simu na sasa amelirithi swali pamoja na vikombe, na mimi huku natafuta mstari wa kusaini namjibu bila kufikiri, kama nilivyomjibu tangu nikiwa kwenye kiti kirefu cha mtoto, midomo inabana, hewa inaingia, shup. Kimya. "Ylva. Umekula?" Shup, nasema, na nimeshaandika Y. "Hata hili hajibu," anasema Baba, si kwangu, analiambia jiko, anawaambia vikombe, kwa sauti ya chini ambayo pia inapita, maneno yote matatu yanapita, naona kijimstari chake kinaruka mara tatu, na kalamu yangu inasimama. Changu hakikuruka. Nimemjibu mara mbili na changu hakikuruka hata unywele, na wa bluu uko juu, wa kijani uko chini, njia imebana, na njia ikibana programu yangu inaanza kutupa vitu baharini kwa utaratibu, picha kwanza, kisha ung'avu wa sauti, kisha ndani ya sauti kile kisicho maneno, kukohoa, saa ya ukutani, kiti, pumzi. Pumzi. Nilikuwa hapahapa majira ya baridi mawili yaliyopita, namba ile niliiandika mimi, kizingiti, chini yake si usemi, usitume, okoa nafasi, haba na haba hujaza kibaba, na tuliijaribu kwa sauti za watu mia nne, watu wazuri, studio nzuri, wote wakisoma gazeti, na anayesoma gazeti hajibu mtu. Mia nne na hakuna hata mmoja aliyeulizwa swali. Na mimi, mtoto wa bonde lile, ninayeivuta mara hamsini kwa siku, nilisikiliza zile rekodi wiki tatu na sikuona kilichokosekana, maana mtu haisikii pumzi yake mwenyewe, nikatafuta kelele ya kutupa na nikaitupa lugha ya mama yangu. Alikujibu, wewe ukakata. Mabega yake yaliinuka kwenye mto, bila shaka yaliinuka, Baba alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda na aliyaona na aliisikia kwa masikio yake, unanisikia, shup, unajua nakuja Ijumaa, shup, na kutoka kwenye kile kioo sauti ya mwanawe ikasema amelala, msimwamshe... siwezi, hiyo siwezi kuikamata sasa, nikiikamata itanivuta hadi chini, itakaa hapo, itanisubiri, ina haki ya kunisubiri. Lakini huyu yuko hai. Huyu yupo jikoni na nyonga yake, na kwa mara ya kwanza naona upande wake wa simu, upande ambao sijawahi kuuchorea mstari, uko peke yako, msitu mzima umekwenda bila wewe, simu inalia, mtoto wako anakuuliza, nije? na unamwambia ndiyo, na mtoto wako anasema, haya, Baba, naelewa, anakata. Halafu wiki nzima. Halafu anapiga tena, anauliza tena, nije? kana kwamba hukusema, na unasema tena, mtu wa miaka sabini na nane ambaye hajawahi kumwomba mtu hata msumari, na mtoto anasema naelewa. Mara tatu. Na leo.

Krister anagonga kioo cha mlango, ameinua andazi langu juu kama mateka, anaonyesha saa, na mimi namtazama na simwoni vizuri, na karatasi iko palepale na Y yake moja, na uso wa Baba uko palepale, jicho nusu, chafya ambayo haijatoka, na mbwa kumi na mmoja bado wanakimbia mahali fulani juu ya kilima wakivuta mnara wote kwao. "Baba," nasema, na sauti yangu siipunguzi, "nilipokuuliza kama nije, ulinijibu?" Naongeza, "Niambie kwa maneno, Baba, kama unavyomwambia kasisi." Wa bluu unapanda, unashuka kidogo, unapanda. Nasikia kitu kama kikombe kinawekwa mezani. "Nilikujibu," anasema, na kijimstari kinaruka, "kila mara nilikujibu. Jumapili ya kwanza nikateremsha godoro lako. Ya pili nikangoja dirishani. Ya tatu nikajua umeghairi, unaniuliza kwa adabu tu."